Maharage ya Mlimani na Hadubini Moja

Hapo zamani, si zamani ya majitu, zamani ya juzi tu, palikuwa na chuo juu kabisa ya mlima, mahali pa baridi ambapo mawingu yaliingia darasani bila kupiga hodi. Anayebisha apande akaulize. Chuo hicho kilikuwa na ugonjwa mmoja: maharage hayaivi. Huko juu maji huwahi kuchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Basi yakiinjikwa asubuhi, yanaliwa jioni, na bado yanalia kama kokoto kwenye sahani.

Mkuu wa chuo akatangaza: "Hapa sayansi zote zinasomwa pamoja. Mtihani wenu ni sufuria moja, watu watatu. Yaive kabla ya kengele ya saa sita. Aliyeyaivisha ataenda likizo na hadubini hii."

Hadubini ilikuwa moja, na Mandia aliitaka kuliko chakula. Mandia alisoma mimea. Kwao, kahawa ilikuwa ikioza mtini ingali mbichi, na baba yake ameshanoa shoka aikate mibuni yote. Mandia alitaka kwanza amwone mdudu anayeiozesha.

Wenzake walikuwa Kupaza wa kemia na Shemhilu wa fizikia. Walikaa kikao kimoja tu.

"Dada, wewe kaa na majani yako," akasema Kupaza. "Hili ni la kemia."

"Kemia ya wapi, bwana mdogo?" akacheka Shemhilu. "Hili ni la fizikia."

Kikao kikavunjika, kila mtu na siri yake.

Alasiri ya kuamkia mtihani Mandia akaingia jikoni. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akatupa maharage ya zamani, akachagua mapya, akayaloweka.

Asubuhi akaingia Kupaza. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akatia magadi, akatoka.

Saa tatu, sufuria iko motoni, akaingia Shemhilu. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaziba mfuniko kwa ugali mbichi, akaukandamiza kwa jiwe la kusagia ili mvuke usitoke, akatoka.

Wote walidhani Mama Kaniki, mpishi, amesinzia. Mama Kaniki alikuwa akimenya viazi, jicho moja wazi.

Saa nne na nusu sufuria ikaanza kucheza ngoma. Wasomi wako darasani wanagombana nani aandikwe wa kwanza kwenye ripoti. Mama Kaniki akavuta kuni nje, akachukua spoki ya baiskeli, akatoboa ule ugali. Mvuke ukapiga mluzi, paka wa chuo hakuonekana siku tatu.

Saa tano Mkuu akaonja. Yameiva! Yana ladha ya sabuni kidogo, lakini yameiva!

"Nani ameyaivisha?"

"Mimi," akasema Mandia. "Yale ya zamani hayangeiva hata kwa moto wa jehanamu. Bila mimi mngekula mawe."

"Mimi," akasema Kupaza. "Magadi ndiyo yaliyolainisha ganda. Sabuni mnayoionja ndiyo saini yangu."

"Mimi," akasema Shemhilu. "Mvuke nimeufunga mimi. Nimeushusha mlima mpaka pwani ndani ya sufuria."

Mama Kaniki akafuta mikono kwenye kanga. "Wanangu, mmeingia jikoni kwangu mmoja mmoja kama wezi wa nyama. Bila spoki yangu, maharage yangekuwa kwenye dari na nyinyi mngeyafuata huko. Mkuu si alisema sayansi zote zisomwe pamoja? Aliyeziona zote pamoja ni nani?"

"Mama, hadubini utaifanyia nini?" akauliza Mandia.

"Nitachambulia mchele."

Mkuu akaishika hadubini, akamtazama huyu, akamtazama yule. Kengele ya saa sita ikalia. Likizo imeanza, gari la kuteremka mlima linapiga honi, na kule kwao Mandia shoka limeshaegemezwa mlangoni.

Haya, nyinyi mliokaa hapo mkijifanya mmesoma: hadubini ashuke nayo nani?