Njuga za Bwana Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kivivu? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Zamani za kale alikuwepo Kiboko, tajiri mwenye shamba la mtama. Kazi yake ilikuwa moja: kulala bwawani, tumbo ndani, masikio nje. Ngiri, Mama Digidigi na wenzao walilima, walipalilia, walifukuza ndege. Mtama ukastawi.

Lakini Kiboko hakuwaona, na roho ikamuuma. "Nitajuaje kama hawalali?" Yeye, aliyelala! Akaleta njuga, akamfunga kila mmoja mguuni.

"Njuga ikilia, unafanya kazi. Ikinyamaza, unafukuzwa."

Cheng! cheng! cheng! Shamba zima. Ngiri akaenda kichakani kujisaidia. Cheng, cheng, cheng... kimya.

"Ngiri!" Kiboko akanguruma majini. "Mara ya tatu leo! Umekula nini?"

Wote wakasikia. Maskini Ngiri, alitamani ardhi ipasuke.

Sasa, Mama Digidigi alikuwa na mtoto mchanga, amemficha majanini pembeni mwa shamba. Akaenda bwawani, akapiga magoti.

"Shikamoo, bwana. Naomba nikae kidogo, nimnyonyeshe mwanangu."

"Marahaba. Mnyonyeshe. Ila njuga ilie."

Akajaribu. Mtoto anashika ziwa, mama anaruka, cheng! Ziwa linamponyoka. Anashika tena, cheng! Linamponyoka. Siku ya tatu mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Hapo mama akakasirika. Akaikata njuga kwa meno, akaitundika kwenye tawi. Upepo ukavuma. Cheng! cheng! cheng! Akakaa chini, akanyonyesha mpaka mtoto akacheua.

"Ahaa, Digidigi!" Kiboko akafurahi. "Huyo ndiye mfanyakazi! Hapumziki!"

Ngiri naye akatundika. Wote wakatundika. Zamani waliangalia mtama, sasa wakaangalia upepo. Kweleakwelea wakaja, wakadonoa, wakadonoa, wakadonoa. Njuga zililia vizuri ajabu.

Mavuno yakafika. Kiboko akatoka bwawani na shada la maua, amvishe mfanyakazi bora. Akaufuata mlio. Akafika. Akakuta tawi. Chini yake Mama Digidigi ananyonyesha. Nyuma yake mabua matupu.

"Umenidanganya!"

"Bwana, wewe uliajiri njuga," akasema Mama Digidigi. "Njuga haijakosa kazini hata siku moja. Ivishe shada lako."

Akamwinua mwanawe, akaondoka. Ngiri akafuata. Wote wakafuata, miguu mitupu, na Kiboko hakusikia hatua hata moja. Mwaka ule alikula mabua.

Na nyinyi wakubwa mnaocheka huko nyuma, nawaona! Mfanyakazi ana mwili, ana mtoto, ana ya kwake. Mkimfuata mpaka kichakani, atawapa kelele mnazozitaka, na kazi hamtaiona.

Hadithi yangu inakomea hapo. Mimi naenda kujisaidia, na asinihesabu mtu.