Magurudumu ya Toroli la Maziwa

Msinitazame hivyo. Hapo nyuma naona midomo imeshapinda: eti bibi leo ameishiwa, ametuletea habari za magurudumu ya toroli. Mkihubiriwa mbegu na shamba mnaitikia amina kabla mtu hajamaliza, na nusu yenu hamjashika jembe tangu mwaka juzi. Gurudumu ndilo mnaona si la kanisani? Haya, msiamini. Ila sikilizeni, maana kuna mtu aliungua.

Kulikuwa na kiwanda kidogo cha maziwa huko milimani, mali ya kikundi cha akina mama. Asubuhi wanapokea maziwa, wanachemsha, wanagandisha mtindi, wanatengeneza jibini. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke shupavu, mwenye sauti. Wa kuosha sakafu na vyombo alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, na kazi hiyo alipewa na mwenyekiti huyohuyo. Kwa hiyo mdomo wake aliufungua kwa tahadhari.

Siku moja wakaenda mjini wote wawili kununua toroli la kubebea masufuria. Mwenyekiti akaona moja linametameta mpaka unajiona uso.

"Hili hapa. Stenlesi tupu."

Muuzaji akamuuliza, "Mama, linakwenda kufanya kazi wapi? Pakavu au penye maji?"

"Kiwanda cha maziwa. Maji kutwa."

"Basi hilo, mwili ndio stenlesi. Magurudumu ni chuma cha kawaida, kimechovywa tu ili king'ae. Kwenye maji, chumvi na magadi ya kuoshea, kutu haitachelewa. Ongeza kidogo nikufungie haya mengine. Ni stenlesi mpaka ekseli, mpaka gololi za ndani, na tairi lake nailoni, halinywi maji."

Mwenyekiti akacheka. "Kwani maziwa tunayatia kwenye magurudumu? Gurudumu linakanyaga chini, baba. Nani atainama kulitazama?"

Yule wifi alisikia yote. Yeye ndiye aliyeijua sakafu ile, haikauki hata siku moja, na maji ya chumvi ya jibini yanatiririka mpaka mlangoni. Lakini akashika toroli upande wake, wakapakia.

Mvua hazijaisha, magurudumu yakaanza kushika kutu na kulia. Pale toroli lilipolala, asubuhi pana alama nyekundu sakafuni. Mnajua alifanya nini? Alikuja kabla ya wenzake, akapiga magoti, akasugua sakafu kwa limau na majivu, akayafuta magurudumu kwa kitambaa, akayapaka mafuta ya kupikia yasipige kelele. Wenzake wakifika wanakuta sakafu nyeupe. Kesho yake hivyohivyo. Miezi.

Toroli lenyewe lilisukumwa na mpishi wa jibini, mama mmoja mnene, mwenye maneno. Akamwambia, "Shoga, hiki kitu kinanivuta pembeni kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Mwambie wifi yako."

"Nimwambie alinunua vibaya? Watu wamsikie? Wifi yangu namsitiri."

"Haya, msitiri. Mimi nitaongea na mbuzi."

Na mwenyekiti akipita na wageni anaonyesha kwa kidole: "Mnaliona toroli letu? Muuzaji alitaka kutubambikia magurudumu ya ajabu. Haya hapa, hayana hata doa!"

Niambieni, huyu mwenye kitambaa ni mwanamke mwema au si mwema? Ehee. Naona vichwa vinavyoitikia. Mpole, mnyenyekevu, anaamka mapema, hasemi watu. Mngempa uongozi wa akina mama leo hii.

Basi asubuhi moja mpishi anatoa sufuria jikoni, maziwa yamechemka. Katikati ya chumba gurudumu moja likagoma. Kutu ilikuwa imekula ndani, kwenye gololi, kitambaa hakifiki huko. Toroli likainama, sufuria likaja. Mpishi aliruka, lakini mguu mmoja ukachelewa.

Wakamkalisha kwenye benchi, mguu ndani ya ndoo ya maji baridi, mtu akatumwa kutafuta gari. Mwenyekiti akainama, ndiyo mara yake ya kwanza, akalishika lile gurudumu. Likamwachia unga mwekundu kiganjani.

"Wifi, hii imeanza lini?"

"Tangu mvua zile."

"Na ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa nafuta."

"Unafuta?"

"Nilikuwa nakusitiri, wifi. Nilitaka usiaibike."

"Ningeaibika siku moja, ningefoka, ningekutukana, halafu ningerudi dukani! Wewe umeniacha nijisifie kutu mbele za watu!"

Wakaanza kurushiana maneno ya zamani, huyu ya tangu harusi, yule ya tangu mazishi ya mama mkwe. Mpishi akawakatiza kutoka kwenye benchi: "Nendeni mkagombane nje. Mmoja alinunua, mwingine akafuta, na mguu ni wangu."

Magurudumu yalibadilishwa wiki hiyohiyo, stenlesi mpaka ndani. Mguu haukubadilishwa. Mpishi anachechemea mpaka leo.

Sasa sisi. Wenye majiko ya shule na zahanati mlioko humu, mkinunua toroli ulizeni gurudumu limetengenezwa na nini mpaka katikati. Sijui kama hilo ni neno la kanisani, ila ni la kweli. Lakini sikuja kwa ajili ya toroli. Mbona wote mlikuwa tayari kumhukumu mwenyekiti? Alichagua vibaya, ndiyo, na angejua yameshika kutu angerekebisha. Nani alimnyima kujua? Yule mpole wenu.

Mume amelala mtaroni kwa pombe, tunawaambia watoto baba ana malaria. Mzee wa kanisa anawashika mabinti wa kwaya kupita kiasi cha salamu, tunawahamisha mabinti mstari wa nyuma, yeye tunamwachia kiti chake. Halafu tunasema tunasitiri. Tunamsitiri nani? Mkosaji analala usingizi, sisi tunasifiwa upole, na kuna mtu mwingine kabisa anayesukuma mzigo wa moto juu ya kitu tunachojua kimeoza. Mara nyingi ni mtoto. Huyo nani anamsitiri?

Usiniambie unasubiri wakati mzuri. Wala usimwambie Mungu kwanza, yeye alishaona. Mwambie mwenye kosa, usoni, leo, akasirike.

Wimbo wa kufunga hakuna. Mimi natoka, na mlango naufunga nyuma yangu. Mtu asiufungue mpaka ajue anakwenda kumwambia nani.