Chanjo Iliyosubiriwa Langoni

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini, wala hawakumaanisha mali peke yake. Hata uhai, ukiuweka kiganjani mwa mwenzako, siku atakapofumba mkono utalia na nani?

Zoleka alilijua hilo tangu janga lilipoingia Cape Town. Alikuwa mtafiti katika maabara ndogo ya chanjo. Mama yake, muuguzi wa zahanati huko Gugulethu, alihudumia wagonjwa bila kuchanjwa, na wauguzi wanne wa zamu yake walikuwa wamekwisha kuzikwa. Kila asubuhi mama alipofunga barakoa, Zoleka aliingiwa na hofu ya kumpoteza.

Mkurugenzi wa maabara, mzee mpole ambaye wote walimwita Radebe kwa heshima ya ukoo wake, alikuwa ameiandikia kampuni ya ng'ambo iliyokuwa na hataza ya chanjo, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze. Aliomba ruhusa na mafunzo. Barua saba zilikwenda, na zote zikajibiwa, "Tumepokea ombi lenu."

"Basi tuandike ya nane," alisema.

"Mpaka lini, Radebe?" Zoleka alimuuliza.

"MaDlomo, mwanangu," mzee alijibu, akimwita naye kwa jina la ukoo wake, "hujaona wajumbe wa posa? Husimama langoni kwa wakwe, wakataja koo zao, wakachomwa na jua mpaka wafunguliwe. Anayeruka ua hapewi mke!"

"Wakwe wana binti wanayetaka aolewe! Hawa binti yao hawamwozi ng'o. Wanataka tumchungulie dirishani, tena kwa kiingilio!"

Maabara nzima iliangua kicheko. Radebe naye alicheka, ila barua ya nane aliipeleka.

Zoleka hakungoja jibu. Mvumbuzi hapewi hataza mpaka aeleze uvumbuzi wake hadharani, kwa hiyo maelezo yalikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Aliyasoma yote, kisha akamwomba wakili wao achunguze daftari la hataza la nchi. Wakili alirudi akitikisa kichwa.

"Hataza hufanya kazi pale iliposajiliwa tu," alisema. "Hii haijasajiliwa Afrika Kusini, na muda wa kuisajili umekwisha. Mnaomba ruhusa ya jambo ambalo hakuna aliyewakataza."

Radebe aliketi kitini kwa kishindo. "Lo! Kumbe miezi yote hii nimesimama kwenye lango lisilo na nyumba!"

"Basi njoo tuingie jikoni, baba," Zoleka alimwambia.

Kazi haikuwa lelemama. Karatasi zilitaja viungo, lakini siri za upishi wenye chanjo walibaki nazo. Mara kumi na tisa mchanganyiko uliharibika, na mara mbili mgao wa umeme uliwamwagisha jasho bure. Zoleka alikasirika, akalia, akanawa uso, akaanza tena. Mara ya ishirini, panya waliochanjwa walijenga kinga, na vifijo vikasikika mpaka barabarani.

Wiki hiyohiyo aina mpya ya kirusi ilizuka, na jibu la barua ya nane likafika. Kampuni ilisikitika: hata shehena ya chanjo iliyokuwa imeziahidi nchi za Afrika isingekuja, kwa kuwa watu wa kwao walipaswa kuchanjwa kwanza. Nchi kadhaa zilizokuwa zikiingoja zilibaki zimeshika tama. Radebe aliisoma barua hadi mwisho, akaikunja, akavaa koti jeupe.

"MaDlomo," aliuliza, "yetu itakuwa tayari lini?"

Ilikuwa tayari kwa majaribio ya watu kabla ya mwaka kwisha, baada ya wakaguzi kuridhika. Wa kwanza kujitolea alikuwa mama yake Zoleka.

"Mama, unaogopa?"

"Niogope nini? Mpishi namjua, nilimzaa mwenyewe. Choma, mwanangu, wagonjwa wananingoja!"

Miezi ilipita, kirusi kikavuma Gugulethu, na mama akaendelea kwenda zamu na kurudi salama jioni. Majaribio yalipofaulu, chupa za chanjo zilizotoka mikononi mwao wenyewe zilipelekwa hata kwa nchi jirani zilizokuwa zikingoja meli ya ile shehena. Waama, mtegemea cha nduguye hufa maskini.