Kanga, Mbweha na Ua wa Madungusi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma, mmemeza ndimi? Paukwa!

Pakaaawa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika nchi ya mawe na jua kali, aliishi Bi Kanga. Alikuwa na vifaranga wengi na mdomo usiotulia. Jirani yake alikuwa Mbweha, na kila Mbweha alipopita kusalimia, kifaranga mmoja alipungua.

"Habari za watoto, jirani?" huuliza Mbweha huku akijilamba.

Bi Kanga akalia sana. Akasema, "Nisipopata ua, watoto wangu watakwisha!" Akakimbia kwa Shangazi Kobe. Boma la Shangazi Kobe lilizungukwa na madungusi, ile mimea ya miiba isiyo na jani, iliyosimama wima kama nguzo.

"Shangazi, ua huu umeupataje?"

Sasa Shangazi Kobe alikuwa msemaji wa polepole. Akitoa neno moja, unaweza kusonga ugali kabla hajatoa la pili. "Kata... kipande... cha dungusi..."

"Nimeelewa! Ahsante!" Huyooo, ametimua mbio.

Akakata, akachomeka palepale, utomvu ukiwa bado unatiririka. Vipande vikalainika, vikaoza, vikaanguka puu! Mbweha akapita juu ya vipande akirukaruka. "Jirani, umenitandikia zulia!" Kifaranga mmoja akapungua.

Bi Kanga akarudi mbio kwa shangazi.

"Kata... kipande... kiache... kivulini..."

"Nimeelewa! Ahsante!" Huyooo!

Akakata, akaviacha kivulini jioni moja tu, akapanda. Akavimwagilia asubuhi, akavimwagilia jioni. "Kunyweni, wapenzi wangu, kunyweni!" Wapenzi wakanywa, wakavimba, wakaoza, puu! Mbweha akaingia tena. Safari hii vifaranga walijificha chini ya mawe, naye akaondoka na manyoya ya mkia wa mama yao.

Mara ya tatu Shangazi Kobe alitanguliza mguu kabla ya neno. Alimkanyaga Bi Kanga bawa.

"Aii! Shangazi, unaniumiza!"

"Utasikia... mpaka... mwisho. Kata kipande. Kiache kivulini mpaka kidonda chake kikauke na kujifunga. Ndipo ukipande. Na maji usikipe mpaka kishike mizizi."

Jua lilitua kabla shangazi hajamaliza. Bi Kanga alikuwa hajawahi kuteseka vile maishani!

Lakini alifanya yote. Alingoja vidonda vikauke vikawa vigumu kama ngozi ya ngoma, akapanda vipande vyake bega kwa bega. Kila bawa lilipomwasha kumwagilia, aliupiga mtungi teke. Na madungusi yakashika! Yakarefuka, yakakutana, hata mjusi akawa anapita kwa ubavu.

Mbweha akaja. "Habari za watoto, jirani?" Akaruka.

"Mamaaa! Pua yangu! Makalio yangu!"

Vifaranga walicheka mpaka wakaanguka kifudifudi.

Mbweha, na miiba yake usoni, akaenda kwa Shangazi Kobe, ambaye humjibu kila amuulizaye. "Dungusi huuawaje?"

"Likate... vipande... uvianike... juu ya..."

"Nimeelewa!" Huyooo, naye!

Neno alilolikimbia lilikuwa "mwamba".

Mbweha akakata vichwa vya madungusi, akavibeba kwake, akavisimamisha kwenye udongo mlangoni vikauke viwe kuni. Kule kwa Bi Kanga, kila dungusi lililokatwa kichwa likachipua vichwa viwili. Na huku kwa Mbweha, vipande vikakauka vidonda vizuri kabisa. Mvua ikaja. Mbweha alikuwa amejifungia ndani akiuguza pua na kutafuna mifupa ya akiba. Vipande vikashika mizizi, vikakutana bega kwa bega.

Siku alipotaka kutoka, pa kupita hapakuwepo. Basi wanyama wote wakaja kumtazama, maana hakuna aliyewahi kumwona mtu akipiga hodi akiwa ndani ya nyumba yake, akiomba kutoka.

"Hodi! Jamani, hodi!"

"Subiri kidonda kikauke!" vifaranga wakamjibu.

Hadithi hii inatufundisha kwamba anayeondoka na nusu ya maneno hurudi na hasara nzima. Na kidonda, kiwe cha mti au cha moyo, kipewe muda kikauke kabla hujakifukia.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyecheka aende na kicheko chake, aliyesinzia aniachie mkeka wangu.