Nakala Mia Mbili na Kumi

Ndugu zangu, nisikilizeni upesi kabla sijaogopa kulisema. Kulikuwa na hospitali yenye kadi elfu arobaini za watoto, zimepangwa kwa namba, si kwa majina, na iliyojua namba ipi ni ya nani ni kompyuta moja tu, kwenye faharasa yake. Kwa hiyo kila siku saa nne asubuhi kompyuta ilitoa nakala ya akiba ya faharasa hiyo, ikaandika "Tayari", na karani mkuu akatia saini daftarini.

Siku moja mwenzake akamwambia, "Dada, hebu tufungue hata nakala moja tuone kama inafanya kazi."

"Wewe nawe, wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga! Si imeandika Tayari? Unataka ikuimbie?"

Wakacheka. Akatia saini.

Basi kompyuta ikaungua. Asubuhi ileile mama mmoja akaingia mbio, mtoto anachemka homa. "Daktari, ipo sindano ilimvimbisha mwaka juzi, nusura afe, jina silijui, limo kwenye kadi, tafadhali!" Wakafungua nakala ya jana kwenye kompyuta nyingine. Tupu. Ya juzi, tupu. Zote mia mbili na kumi zina tarehe, hazina jina hata moja! Kumbe saa nne ndiyo saa ya foleni, makarani wanaingiza majina, na faharasa ikiwa inaandikwa haikubali kunakiliwa. Kompyuta inaandika tarehe, inaandika Tayari, basi.

Watu kumi wakapekua rafu kwa mikono.

"Imepatikana?"

"Bado, mama."

"Na sasa?"

"Bado."

Kadi ilipatikana saa kumi jioni. Mtoto hakuihitaji tena.

Mimi nina mtoto wa miezi saba, ndiyo maana niliogopa kulisema hili. Na sisi je? Kila asubuhi tunasali, tunasema tumesamehe, tunaitikia amina, tunaendelea na chai. Nani kati yetu amewahi kuifungua sala yake aone kama ndani mna kitu? Yule uliyemnunia tangu msiba wa mwaka jana, nenda kwake leo, kaa mkekani kwake, ule alichopika. Tonge likigoma kushuka, ujue hujasamehe, na ujue leo, ungali na nafasi ya kutengeneza.

Nendeni, jamani. Msisubiri tumalize wimbo.