Tuta la Kyengo na Kaluki

Hapo zamani, na si zamani ya majitu, ni ya juzi tu kaunti zilipokuwa bado changa, mashamba mawili yalipakana kilimani. La juu lilikuwa la Mzee Kyengo. La chini lilikuwa la Kaluki, mjane aliyefiwa na ng'ombe wake wa pekee kiangazi kile, na wajukuu wake watano wakabaki na chai ya rangi.

Kaluki alichimba mtaro mpakani ili kuzuia mmomonyoko, udongo akautupa upande wa juu. Kyengo akaona rundo. "Mama huyu anameza shamba langu!" Akachimba mtaro upande wake, udongo akautupa chini, juu ya rundo lile lile. "Ala! Anasogeza mpaka!" Kaluki akachimba tena. Kyengo akachimba tena. Huyu anatupa, yule anatupa, msimu baada ya msimu, mpaka tuta likawafika kifuani.

Syonthi, mke wa Kyengo, alichoka na kelele zao. Alijua tuta likibomoka vita vitaanza upya. Akabeba nyasi za nepia mgongoni kutoka mtoni, safari kumi na mbili, akazipanda juu ya tuta zima.

Mvua ikaja, mvua ya kutisha. Maharagwe ya kilima kizima yakateremka mtoni. Mashamba yale mawili hayakupoteza hata kiganja cha udongo.

Basi serikali ya kaunti ilikuwa inatoa ruzuku kwa wakulima wanaohifadhi udongo: mtamba wa maziwa, tena mwenye mimba. Tuta moja, mtamba mmoja. Afisa wa kilimo, binti mdogo tu, akaja na gambuti zake, mtamba yuko kwenye lori. Akapima tuta, akaduwaa.

"Limejengwa na nani?"

Kyengo akavua kofia. "Mwanangu, mimi udongo nimeupenda tangu utotoni."

Watu waliokuja kutazama wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Haya, nilichimba kwa ugomvi. Lakini nilichimba! Mtaro wangu ndio uliomeza maji ya kilima. Bila mimi, mama huyu angekuwa anatafuta mahindi yake baharini."

"Aliyeanza ni mimi," Kaluki akasema, "na mimi nilianza nikijua ninachofanya. Wewe ulikuja kugombana na tuta langu. Una ng'ombe wanne, Kyengo! Wajukuu wangu wamesahau maziwa."

"Lako lilifika kwenye kifundo cha mguu! Kifuani nimelifikisha mimi."

Syonthi akaweka jembe chini. "Udongo mtupu ungeondoka na mvua ya kwanza. Umeshikwa na mizizi yangu. Nyinyi mlitaka kuhamisha mpaka. Mimi ndiye niliyetaka tuta lisimame."

Kyengo akapiga makofi. "Mpe mke wangu! Zizi ni moja."

"Si zizi lako, Baba Musembi," Syonthi akamwambia mumewe. "Nikipewa, mtamba atakaa kwa Kaluki mpaka siku utakayomwomba radhi."

"Sitaki ng'ombe wa kumtunzia mtu!" Kaluki akafoka, macho yamejaa machozi. "Nataka wangu."

Dereva akapiga honi. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja, na afisa alikuwa ameshika kalamu tu, haandiki.

Haya, nyinyi mnaocheka, mshikeni mkono huyo binti wa watu. Aandike aliyeanza, aliyelikuza kwa hasira, au aliyetaka kimya nyumbani kwake? Je, nani alistahili mtamba?