Mkeka wa Saba

Hapo zamani, kabla barabara haijapanda milimani, kilikuwako chuo cha wakunga chenye mikeka saba. Si sita, si minane. Wakunga wazee walikuwa saba, na kila mmoja alifundisha msichana mmoja tu, kwa sababu mama mwenye uchungu hazungukwi na kundi la watu wanaojifunza. Kila mwaka wasichana wengi walikuja kujaribiwa. Saba walipewa mikeka. Wengine walirudishwa makwao. Na wachache sana waliambiwa neno lililo gumu kuliko kukataliwa: "Hatukukatai, wala hatukuchukui. Ngoja."

Naetwe aliambiwa angoje.

Alitoka kijiji kisicho na mkunga. Huko kwao, mwanamke aliyekaribia kujifungua alizunguka nyumba kwa nyumba akiaga, kama mtu anayesafiri. Mama yake Naetwe aliaga, na hakurudi. Ndiyo maana Naetwe alikubali kungoja.

Wangojaji walilala kibandani nje ya ua. Walichota maji mtoni, walipasua kuni, na kila alfajiri Bibi Mkuu wa chuo alisimama langoni akaita.

"Naetwe, upo?"

"Nipo."

"Mboza, upo?"

"Nipo."

Aliyeitika alibaki na zamu yake ya kupewa mkeka utakaoachwa wazi. Asiyeitika, zamu yake ilimwendea aliye nyuma yake, wala hakuulizwa sababu, hata ikiwa homa.

Nyuma ya Naetwe alikuwa Mboza, msichana wa maneno mengi.

"Dada, kesho lala kidogo," alikuwa akimtania. "Macho yako mekundu. Mimi nitakuitikia."

"Lala wewe, mdogo wangu. Unakoroma hata ukiwa macho."

Walicheka. Kisha siku zikapita, wakaacha kucheka. Mwanafunzi akikohoa ndani ya ua, Naetwe alisimamisha shoka akasikiliza. Alipogundua kwamba anasikiliza, alipasua kuni kwa nguvu zaidi, kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe.

Masika yalipoanza, mjumbe alileta habari: dada yake Naetwe alikuwa ameaga nyumba zote, akajifungua, akafa. Maziko kesho. Kijiji kilikuwa mwendo wa siku nzima. Naetwe alifunga kanga zake furushi, akakaa nalo mapajani hadi alfajiri.

"Naetwe, upo?"

"Nipo."

Siku hiyo Mboza hakutania.

Sasa, mkeka wa saba ulikuwa wa Mkunde, msichana aliyechaguliwa kwa haki, mwenye mikono mepesi. Lakini uzazi wa kwanza aliouhudumia, mama alitokwa na damu hadi akafa. Mkunga wake alimwambia anawe mikono, maana kuna mwingine anakuja. Mkunde alinawa. Kisha hakuweza kula.

Jioni alikuja uani, Naetwe akiwa anapanga kuni.

"Dada Naetwe, nataka kwenda nyumbani."

"Vumilia."

Jioni ya pili akaja. "Dada, naiona ile damu hata kwenye uji."

"Vumilia."

Jioni ya tatu akaja. Naetwe alimtazama, na kabla hajajizuia akasema, "Basi nenda."

"Niende kweli?"

"Nenda."

"Nitakatiza mtoni. Ni karibu."

Naetwe alichota maji ya mto ule kila siku. Alijua umefurika. Akanyamaza.

Kulipokaribia kupambazuka, Naetwe aliinuka akajifunga kanga kiunoni.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mboza. "Tutaitwa sasa hivi."

"Mkunde amekatiza mtoni."

"Najua. Niliwasikia."

"Basi twende."

Mboza hakuinuka. "Dada yako hukwenda kumzika," alisema, tena si kwa utani. "Huyu ndiye unayemwendea?"

Naetwe alisukuma mlango wa kibanda. Alikwenda.

Alimkuta Mkunde amekumbatia mizizi ya mkuyu, maji yamemfika kifuani, midomo haina rangi, mguu umeteguka. Alimvuta, akambeba mgongoni, akaanza kupanda. Katikati ya mlima akasikia sauti ya Bibi Mkuu kutoka juu.

"Naetwe, upo?"

"Nipo," akapaza sauti. Lakini alikuwa mbali, na pumzi zilikuwa zimemwishia.

"Mboza, upo?"

Walipofika, mkeka wa saba ulikuwa umekunjwa na kusimamishwa ukutani. Bibi Mkuu akawaambia wote watatu waseme.

Mkunde akasema, "Mkeka ni wangu. Nilichaguliwa, na hakuna aliyenifukuza. Niliogopa kifo cha mzazi. Mkunga asiyekiogopa mnamtaka wa nini? Na aliyeniambia niende ndiye anayeungoja mkeka wangu."

Naetwe akasema, "Ni kweli, nilimwambia. Nilijua mto umefurika, nikanyamaza. Lakini nimengoja hapa hata dada yangu akazikwa bila mimi. Asubuhi moja niliyokosa, nilikuwa namtoa mtu kwenye kifo, na hiyo ndiyo kazi mnayofundisha. Kwetu wanawake bado wanaaga."

Mboza akasema, "Mimi sikumwambia mtu aende. Kanuni sikuitunga mimi. Mliita, nikaitika."

"Ulijua mwenzako yuko mtoni?" akauliza Bibi Mkuu.

"Nilijua, Bibi. Nilijua pia kwamba hata mwenye homa haulizwi sababu. Nyinyi ndio mliotufundisha kutotoka pale." Akamgeukia Naetwe. "Na kwetu pia wanakufa, dada. Hukuwahi kuniuliza."

Naetwe aliinamisha uso. Ilikuwa kweli, hakuwahi kumuuliza.

Msiniambie uongezwe mkeka wa nane. Mkunga wa nane hakuwako. Msiniambie wapokezane, mkono unaopokea mtoto haubadilishwi katikati. Msiniambie Bibi Mkuu angoje hadi kesho, kwa maana machela ilikuwa inapanda mlima, juu yake mwanamke analia, na mkunga wa saba alikwisha kunawa mikono, amesimama mlangoni, anataka mwanafunzi wake.

Haya, nyinyi mnaosikiliza. Mkeka umo mikononi mwenu. Mkunde aliyeukimbia, Naetwe aliyeutamani hadi akanyamaza, au Mboza aliyeitika: je, nani alistahili?